Baba wa kule ndiye aliyemfundisha mwanangu kunyoa ndevu

Shangazi, shikamoo.

Mimi ni baba wa watoto wawili. Mkubwa ni wa kiume, ana miaka 16. Mwaka jana alipata nafasi kwenye programu ya kubadilishana wanafunzi, akaenda kusoma nje ya nchi kwa mwaka mzima wa shule na kuishi na familia ya huko. Tulimsindikiza kwa furaha, na sitasema uongo, nilijigamba kidogo kazini.

Amerudi, sasa yapata miezi miwili, na tangu arudi nyumba yangu haijatulia.

Mwaka wote ule tulikuwa tunaonana kwenye simu. Simu inaonyesha kichwa na mabega, haikwambii mtoto amerefuka kiasi gani. Pale uwanja wa ndege macho yangu yalikuwa yanamtafuta kijana wa kunifikia begani. Aliyenijia aliinama kidogo ndipo akanikumbatia, na sauti iliyosema "baba" ilikuwa nzito kuliko yangu. Mama yake alicheka huku analia. Mimi nilichukua begi nikatangulia kwenye gari, nisionekane uso.

Asubuhi ya pili nikapita bafuni, mlango uko wazi. Amesimama mbele ya kioo, povu limejaa tayani, anavuta ngozi ya shavu kwa vidole viwili na kushusha wembe taratibu kufuata ndevu zinakolala. Anasuuza wembe, anashusha tena. Huo ulikuwa mkono wa mtu aliyefundishwa. Nikamuuliza, "Nani kakuonyesha?" Akajibu bila hata kugeuka, "Baba wa kule." Hakukusudia kuniumiza, najua. Lakini Shangazi, nilirudi chumbani nikakaa kitandani muda mrefu, kiatu kimoja mguuni na kingine mkononi.

Mengine ni haya. Zamani alikuwa anaomba ruhusa, sasa anatoa taarifa: "Baba, natoka, nitarudi saa kumi na mbili." Kila kitu anakipima na kule. Akiongea anasita katikati ya sentensi kutafuta neno la lugha yake mwenyewe, binamu zake wanamcheka kwamba anajishaua, na siku hizi mezani hasemi kitu. Usiku wa manane namsikia kwenye simu anacheka na watu wa kule. Nikifungua mlango anashusha sauti. Shuleni wenzake wamepanda darasa yeye ameachwa nyuma, maana ule mwaka haukuhesabiwa. Nikiri pia mazuri: nguo zake anafua mwenyewe, na chumba chake ni kisafi kuliko chetu.

Mama yake anasema nimwache, atazoea. Kaka yangu anasema mtoto ameshaharibika, nimnyang'anye simu muhula mzima mpaka akumbuke yeye ni mtoto wa nani. Sasa wale walezi wake wamemwalika aende kuwatembelea likizo ndefu ijayo, nauli watachangia. Na kana kwamba hayo hayatoshi, mdogo wake wa kike ameanza kuulizia fomu za programu hiyohiyo.

Je, mwanangu nimempoteza? Nikate hayo mawasiliano? Nimruhusu kwenda?

Ni mimi, Baba Niliyebaki Nyumbani


SHANGAZI ANAJIBU

Marahaba, baba.

Umeniandikia mambo mengi, lakini nadhani yote yamezungukia kile kioo cha bafuni. Ungekuta mwanao anafua nguo tu usingeniandikia. Kilichokukalisha kitandani ni kwamba kuna kazi moja ndogo ya baba ambayo uliihesabu kuwa yako, na mwanamume mwingine ameifanya. Huo ni wivu. Naliita kwa jina lake kwa sababu wazazi wengi wanaoniandikia habari kama hii hulizunguka, wakasema "mtoto amebadilika tabia" au "amesahau kwao", halafu wanamwadhibu mtoto kwa jambo ambalo si kosa lake.

Ndevu hazisubiri mtu arudi nyumbani. Mwanao aliamka siku moja ana vinyweleo tayani, yuko mbali nawe, na kama unavyowajua vijana, hilo si jambo ambalo angekupigia simu ya video kukuuliza huku dada yake anachungulia nyuma yako. Akamwendea mwanamume mzima aliyekuwa karibu. Mimi hapo naona kijana aliyeona wazi kwamba kazi hiyo hufanywa na baba. Angekuwa hajawahi kuwa na baba wa kumkimbilia, angejikatakata peke yake akanyamaza.

Na yule bwana hakukuibia kitu. Alifanya alichotakiwa kufanya. Programu za wanafunzi wa sekondari kuishi mwaka mzima na familia za nchi nyingine si jambo la juzi. Shirika la AFS lilianza kupeleka wanafunzi mwaka 1947, na walioanzisha kazi hiyo walikuwa watu waliojitolea kuendesha magari ya wagonjwa wakati wa vita. Walikuwa wameona vya kutosha jinsi mataifa yasiyojuana yanavyouana. Wazo lao lilikuwa kwamba kijana aingie ndani ya nyumba ya watu, ale nao, atumwe, akemewe. Sisi tuna msemo wake: mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Katika programu nyingi familia hizo hazilipwi hata senti. Kwa hiyo aliyemshikisha mwanao wembe alikuwa anamtendea kama mtoto wa nyumbani, na naamini siku unamsindikiza hilo ndilo ulilokuwa unaliombea.

Sasa simu. Kaka yako nampa heshima zake, lakini hapa amekosea kabisa. Usimnyang'anye.

Fikiri kidogo jambo ambalo watu hawalioni. Mwanao alipoondoka kwenu mlimlilia, mkamfungia mizigo, mkamwombea dua. Alipoondoka kule pia aliacha nyumba, kitanda, marafiki, pengine na msichana ambaye hujaambiwa habari zake. Tofauti ni kwamba kwenu alijua tarehe ya kurudi. Kule hana tarehe. Yuko kwenye msiba mdogo ambao hakuna anayempa pole, kwa sababu kila mtu anamwambia "karibu nyumbani" na kutegemea afurahi. Zile simu za usiku ndiyo matanga yake. Ukizikata, atajifunza kukuficha, na kijana wa miaka 16 aliyekwishajua kuishi mbali nawe atakuficha vizuri kuliko unavyodhani.

Unasema anashusha sauti ukifungua mlango. Umewahi kujiona sura unayoingia nayo? Jaribu siku moja kuingia, ukae ukingoni mwa kitanda na kusema, "Nisalimie." Hata kama lugha huijui, punga mkono. Ataona aibu, atakutafsiria vibaya, mtacheka.

Hilo la usiku wa manane ni jambo jingine, na hapo una haki zote. Tofauti ya saa baina ya nchi mbili haiwezi kumla usingizi mtoto wa shule. Kubalianeni simu hizo zipigwe mwisho wa wiki au jioni mapema, na usiku wa shule simu ilale sebuleni. Iwe sheria kwa dada yake pia, asije akaona anaadhibiwa kwa kuwapenda watu.

Umeniuliza kama umempoteza. Hujampoteza, na mengi unayoyaona yamekwishaandikwa juu ya watu wengine kabla yake. Mwaka 1955 mwanasosholojia wa Norway, Sverre Lysgaard, alichapisha utafiti juu ya raia wa nchi yake waliokwenda Marekani kwa ufadhili wa Fulbright. Waliokaa chini ya miezi 6, na waliokaa zaidi ya miezi 18, walionekana kuwa wametulia kuliko wale wa katikati. Ukichora hali hiyo inatoka kama herufi U: furaha ya mwanzo, kushuka, kisha kupanda. Mwaka mmoja wa shule, kama unavyoona, umeangukia palepale kwenye bonde. Halafu mwaka 1963 watafiti wawili wa Marekani, John na Jeanne Gullahorn, wakaongeza nusu ya pili: anayerudi kwao hushuka tena na kupanda tena, na ile U ikawa W.

Usiichukue michoro hiyo kama ratiba ya basi. Mwaka 1998 Colleen Ward na wenzake walifuatilia wanafunzi wa Kijapani waliokwenda New Zealand, wakakuta wakati mgumu zaidi ulikuwa ule wa kufika, wala hakukuwa na furaha ya mwanzo. Kila mtu na njia yake. Ila jambo moja nalishikilia: kurudi nako ni safari, na ni ngumu kwa sababu hakuna anayemwandaa mtu kwa ajili yake. Kabla ya kuondoka mwanao alipewa semina, vijitabu na orodha ya vitu vya kubeba. Kurudi alipewa tiketi tu.

Sasa nije kwenye ulimi wake, maana hapa nimekasirika kidogo kwa niaba yake. Hao binamu wanaosema anajishaua wakomeshwe, na wewe ndiye wa kuwakomesha. Mwaka 2009 watafiti Jared Linck, Judith Kroll na Gretchen Sunderman walichapisha kazi waliyoifanya na wanafunzi wa chuo, wazungumzaji wa Kiingereza, waliokuwa wanajifunza Kihispania. Waliokuwa wanaishi Hispania walipata maneno machache ya Kiingereza, lugha yao ya kuzaliwa, kuliko wenzao waliokuwa wanasomea darasani nyumbani. Ubongo uliozama katika lugha nyingine huikandamiza kidogo ile ya kwanza ili hiyo mpya ipate njia. Walipopimwa tena miezi kadhaa baada ya kurudi kwao, hali hiyo ilikuwa imeondoka. Na mwanao ameondoka akiwa na miaka 15, umri ambao lugha ya mama imekwishakaa. Mwaka mmoja hauwezi kuing'oa. Akisita, msubiri. Usimmalizie sentensi, na usimpongeze akilipata neno kama vile ni mtoto wa chekechea. Lakini akichekwa kila anapofungua mdomo atachagua kunyamaza, na kwa maelezo yako ameshaanza.

Kuhusu kutoa taarifa badala ya kuomba ruhusa, ni kweli lazima kuwe na mazungumzo. Mwaka mzima amebeba ufunguo wa nyumba, amepanda treni peke yake, ameamka bila kuamshwa. Huwezi kumwambia asahau. Mwombe akusimulie siku moja ya kawaida ya kule, kutoka kuamka hadi kulala, na umsikilize bila kuhukumu. Utajua ameweza nini. Kisha mwambie wazi lipi anaweza kuendelea nalo hapa na lipi haliwezekani, na kwa nini, kwa sababu mazingira mawili hayafanani na usalama wake bado uko mikononi mwako. Mimi ningemkubalia aseme "natoka", mradi aseme anakwenda wapi, yuko na nani na anarudi saa ngapi, na ajue kwamba baba bado ana uwezo wa kusema hapana. Ukisema hapana mara chache, kwa sababu inayoeleweka, itaheshimiwa.

Na jembe alilopewa kule asilitue kwenu. Naona mama mwenye huruma akimpokonya nguo za kufua kwa sababu "mtoto ametoka mbali". Asifanye hivyo. Kijana anayefua mwenyewe halafu akarudishwa kufuliwa, anaambiwa kwa vitendo kwamba ukubwa wake haukubaliki nyumbani kwao. Mwongezeeni hata kazi nyingine, yenye uzito: fundi akija, yeye ndiye asimamie, au hesabu za matumizi ya nyumbani za mwezi azishike yeye.

Hilo la kupima kila kitu na kule linachosha, nakubali. Lakini tazama mnavyomuuliza. Watu humuuliza "kukoje huko?" naye hujibu "kuzuri", mambo yakaishia hapo, kisha mema yote yaliyobaki yanatoka vipande vipande kama lawama juu ya nyumbani. Muulize mambo ya chini. Nani alikuwa anamuudhi katika nyumba ile? Wiki gani alitamani kurudi? Alipougua, nani alimshika paji la uso? Kuna uongo wowote aliwapigia ninyi kwenye simu ili msihangaike? Nakuhakikishia upo. Mtoto aliye mbali hujifunza upesi kuwalinda wazazi wake, anapanga sura kabla ya kupokea simu. Ukiyasikia hayo, na kule kutakuwa mahali pa kawaida penye watu wema na wakorofi, na yeye hatakuwa na haja ya kupatetea.

Kitu ambacho umekitaja kwa sentensi moja mimi ningekipa ukurasa mzima: darasa. Mwanao amerudi mkubwa kwa mambo mengi, kisha akawekwa na wadogo zake, huku marafiki zake wa zamani wako mbele na wana utani ambao yeye hauelewi. Huenda ukimya wa mezani unatoka hapo kuliko unavyotoka kwenye mapenzi ya kule. Nenda shuleni, uende na yeye, mchukue matokeo na vyeti vya mwaka ule. Ulizeni kama kuna somo anaweza kupimwa na kusogezwa, kama anaweza kufanya baadhi ya vipindi na wenzake wa zamani. Wakikataa, angalau ameona baba yake amesimama upande wake mbele ya watu. Na mtafutie mahali pa kukutana na rika lake nje ya darasa, timu, kwaya, chochote.

Kuna hali moja tu ambayo itabidi uache kunisikiliza mimi ukamtafute daktari au mshauri nasaha. Kama kwa zaidi ya wiki mbili mfululizo ana huzuni karibu siku nzima, hali chakula au analala kutwa, ameacha hata vitu alivyovipenda kule na huku, au amesema maneno ya kwamba maisha hayana maana, usimwambie ajikaze. Kwa ulivyonieleza, kijana anayecheka kwenye simu na kupangusa chumba chake hayuko huko. Lakini macho yawe wazi.

Sasa mwaliko. Kwenda aende, ila si likizo hii. Hajamaliza hata kufika nyumbani; akirudi kule mapema ataondoka huku hajatua na atarudi huku na machungu mapya. Mwambie ni mwakani, na ulitamke kama ahadi, si kama njia ya kumnyamazisha. Kabla ya hapo wewe binafsi waandikie wale walezi. Barua fupi, mwanao akutafsirie: uwashukuru, umtaje yule bwana kwa jina, na useme kwamba umeona kijana anavyonyoa vizuri. Najua sentensi hiyo itakuwia nzito. Mwanao ndiye atakayeitafsiri, kwa hiyo yeye atakuwa wa kwanza kuisoma. Nauli usiwaachie wao. Hata kama ni nusu, nusu yako iwepo, na yeye afanye kazi ya likizo achangie kidogo.

Binti naye amekuja na fomu wakati wewe hujapoa. Usimnyime kwa sababu ya kaka yake wala usimpe kwa sababu ya kaka yake. Muulize anachotaka kufanya kule ambacho hawezi kukifanya hapa, na umpe wiki kadhaa za kufikiri jibu. Kama ni kuona tu kaka amerudi mrefu na ana siri, asubiri mwaka. Kama ana sababu zake, kaka mtu amweleze pia yale mabaya ambayo wewe utakuwa umeshayasikia kwa maswali niliyokupa. Na fomu zikija, kabla ya kutia saini, tafuta sehemu inayoeleza kuhusu masomo ya mwaka ule, nenda nayo kwa mwalimu mkuu wake, akuandikie kwa maandishi kama utahesabiwa au hautahesabiwa.

Shangazi